Dick Tiger: muuza chupa wa Aba aliyetwaa ubingwa wa dunia mara tatu

Richard Ihetu, ambaye ulimwengu wa ngumi ulimjua kwa jina la Dick Tiger, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1929 huko Amaigbo, katika nchi ya Waigbo, kusini-mashariki mwa Nigeria. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati mara mbili, mwaka 1962 na mwaka 1965. Mwaka 1966 alipanda uzito na kutwaa ubingwa mwingine akiwa na umri wa miaka 37, umri ambao mabondia wengi huwa wameshatundika glavu. Rekodi yake ya ngumi za kulipwa ina mapambano 82: ushindi 60, kushindwa 19 na sare 3. Kushindwa mara 19 ni kwingi kwa bingwa wa dunia. Lakini sehemu kubwa ya mapambano hayo aliyapigana katika miji ya watu, mbele ya mashabiki wa mpinzani wake, na mengi aliyoshindwa yaliamuliwa kwa pointi. Hakuwa na promota mkubwa wa kumchagulia wapinzani wepesi. Alipigana na yeyote aliyeletwa, na ubingwa ulimfikia baada ya miaka kumi ya kusubiri.

Alianza maisha akiwa mtoto wa shamba. Akiwa kijana alihamia Aba, mji wa biashara katika nchi hiyohiyo ya Waigbo, akawa anakusanya chupa tupu na kuziuza. Biashara ya chupa ilihitaji mabega na uvumilivu, na vyote viwili alikuwa navyo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, askari wa Kiingereza waliokuwa Nigeria walikuwa na vilabu vya ngumi ambavyo vijana wa mjini waliruhusiwa kujifunzia. Inasimuliwa kwamba jina la Tiger lilitoka kwa ofisa mmoja wa Kiingereza aliyemwona akimwandama mpinzani ulingoni kama chui mkubwa wa Asia. Jina likamganda. Alianza ngumi za kulipwa mwaka 1952 akiwa na miaka 23, na kwa miaka mitatu alizunguka akipigana ndani ya Nigeria.

Wakati huo njia ya bondia wa Afrika Magharibi kwenda kwenye pesa ilipitia Liverpool. Bandari hiyo ilikuwa na jamii ya Waafrika ya tangu enzi za meli za biashara, na mapromota wa kaskazini mwa Uingereza walihitaji mabondia wa kujaza kadi zao za kila wiki. Hogan Bassey, mzaliwa wa upande wa Calabar, alikuwa ametangulia. Mwaka 1957, jijini Paris, Bassey alimshinda Cherif Hamia na kuwa Mnigeria wa kwanza kuwa bingwa wa dunia, katika uzito wa unyoya. Dick Tiger alikuwa ameshaifuata njia hiyohiyo ya Liverpool mwishoni mwa mwaka 1955. Safari ilianza vibaya kiasi cha kumkatisha mtu tamaa, kwani alishindwa mapambano yake manne ya kwanza Uingereza. Baridi, chakula kigeni na majaji wasiomjua vilimwelemea, na kati ya pambano na pambano alilazimika kufanya vibarua ili ale. Kwa bondia wa miaka 26 aliyevuka bahari kutafuta jina, matokeo manne mfululizo ya namna hiyo yalitosha kumrudisha nyumbani. Alibaki.

Mwaka 1957 mambo yalianza kugeuka. Mwezi Mei jijini London alipangiwa Terry Downes, kijana mwenyeji aliyekuwa akitangazwa kuwa nyota ajaye, ambaye alikuwa kwenye pambano lake la tatu tu la kulipwa. Kwa waandaaji, Tiger alikuwa ngazi ya kumpandisha Downes. Pambano lilisimamishwa kabla ya kumalizika na Tiger akatangazwa mshindi. Downes, ambaye miaka minne baadaye alikuja kuwa bingwa wa dunia, aliulizwa baada ya kipigo kile angependa kupigana na nani sasa. Akajibu kwamba angependa kupigana na yule aliyepanga pambano lile. Tarehe 27 Machi 1958, mjini Liverpool, Tiger alimwangusha Pat McAteer katika raundi ya tisa na kutwaa ubingwa wa Dola ya Uingereza wa uzito wa kati. McAteer alikuwa mtu wa ng'ambo ya pili tu ya mto Mersey, kwa hiyo hata mkanda huo aliuchukua mbele ya watu wa mpinzani wake.

Mwaka 1959 alivuka tena bahari, safari hii kwenda New York. Marekani ya wakati ule ilikuwa na mabondia wengi wa uzito wa kati walio hatari, na wenye majina walijificha nyuma ya mameneja wao. Tiger hakujificha. Katika mwaka wake wa kwanza alikutana na Joey Giardello mara mbili katika muda wa wiki tano: akamshinda Chicago mwezi Septemba, kisha akashindwa Cleveland mwezi Novemba. Mwaka 1960 aliupoteza ubingwa wa Dola mjini Edmonton, Kanada, kwa Wilf Greaves, akarudi kulekule Edmonton miezi mitano baadaye na kumshinda Greaves kabla ya raundi kwisha zote. Kurudi mahali aliposhindwa na kudai deni lake palepale ilikuwa tabia yake.

Umbo lake halikuvutia macho kama la mabondia warefu wa enzi hiyo. Alikuwa na kimo cha sentimita 173 hivi, kifua kipana na shingo nene. Hakucheza kwa miguu wala kuwafanyia watazamaji mbwembwe. Alisogea mbele hatua fupi fupi, mikono juu, akitafuta nafasi ya ngumi ya pembeni ya mkono wa kushoto, ambayo ndiyo iliyowamaliza wengi. Alikuwa na taya gumu, na kwa miaka zaidi ya kumi hakuna aliyemlaza chini. Nje ya ulingo alikuwa mpole na mwenye adabu, na mshikaji wa pesa kiasi cha kutaniwa na waandishi wa New York. Alikaa kwenye hoteli za bei nafuu na akiba yake aliituma nyumbani, ikanunua majumba ya kupangisha. Hakuitwa bahili kwa bahati mbaya, lakini watu wa nyumbani waliokula matunda ya ubahili ule hawakulalamika.

Nafasi ya ubingwa wa dunia ilipatikana tarehe 23 Oktoba 1962, katika uwanja wa Candlestick Park, San Francisco. Bingwa alikuwa Gene Fullmer wa jimbo la Utah, aliyewahi kumshinda Sugar Ray Robinson. Fullmer alipigana kwa kusukuma na kukumbatia, akitumia kichwa na mabega kama silaha za nyongeza, na mabondia wepesi walichoka mikononi mwake. Kwa Tiger mbinu hiyo ilikuwa sawa na mwizi kumkimbilia askari, kwa sababu Fullmer alimletea ugomvi wa karibu alioutaka. Tiger alikuwa na nguvu kumzidi, na baada ya raundi 15 majaji wote walimpa ushindi. Akiwa na miaka 33, yule muuza chupa wa Aba alikuwa bingwa wa dunia. Walirudiana Las Vegas tarehe 23 Februari 1963, wakatoka sare, na mkanda ukabaki kwake.

Pambano la tatu kati yao ndilo lililoingia kwenye historia ya bara zima. Nigeria ilikuwa imepata uhuru tarehe 1 Oktoba 1960, na serikali ilitaka bingwa wake aonekane nyumbani. Fedha za umma zilitumika kumvuta Fullmer kutoka Marekani, na promota Jack Solomons wa London akahusika katika maandalizi. Tarehe 10 Agosti 1963, katika uwanja wa Liberty mjini Ibadan, Afrika huru kusini mwa Sahara ilishuhudia kwa mara ya kwanza pambano la ubingwa wa dunia likipigwa kwenye ardhi yake. Pambano la Muhammad Ali na George Foreman jijini Kinshasa, ambalo watu wengi hulidhania kuwa la kwanza, lilikuja Oktoba 1974, miaka kumi na moja baadaye. Kinshasa ilipata umaarufu kwa sababu ya Ali na kwa sababu ya televisheni, Ibadan ilitangulia.

Pambano lenyewe halikuwa na mashaka. Fullmer alipigwa tangu mwanzo, uso ukachanika na kuvimba, na mwisho wa raundi ya saba kona yake ikamzuia asitoke tena. Hakupigana tena maishani. Maelfu ya watu waliojaa uwanjani walikuwa Wayoruba, Waigbo, Wahausa na wengineo, na kwa saa chache wote walikuwa na bingwa mmoja. Uingereza nayo ilimtunuku mwaka huo nishani ya MBE. Nchi iliyomshangilia jioni ile ilidumu kwa umoja wake miaka minne tu, na nishani ile nayo ilikuwa na hadithi yake mbele.

Tarehe 7 Desemba 1963 alimpa nafasi Joey Giardello mjini Atlantic City na kupoteza ubingwa kwa pointi. Giardello aliahidi marudiano, kisha akachukua karibu miaka miwili kutimiza ahadi. Tiger akaendelea kupigana na watu wagumu huku akisubiri. Mwezi Mei 1965, katika ukumbi wa Madison Square Garden, alikutana na Rubin Carter, bondia aliyeogopwa kwa ngumi zake nzito, akamwangusha mara tatu na kushinda kwa pointi. Wengi huitaja kazi hiyo kuwa miongoni mwa bora zaidi alizowahi kufanya, ingawa hapakuwa na mkanda mezani. Giardello alikubali hatimaye, na tarehe 21 Oktoba 1965, katika ukumbi uleule, Tiger akaurudisha ubingwa. Miezi sita baadaye akaupoteza tena, safari hii kwa Emile Griffith, tarehe 25 Aprili 1966. Katika raundi ya tisa Griffith alimwangusha, jambo ambalo halikuwahi kumpata. Uamuzi wa majaji ulibishaniwa, na haukubadilishwa.

Mwaka huohuo wa 1966 Nigeria iliharibika. Mapinduzi ya Januari na mapinduzi ya kulipiza kisasi ya Julai yalifuatwa na mauaji ya maelfu ya Waigbo waliokuwa wakiishi kaskazini mwa nchi. Walionusurika walikimbilia mashariki kwa treni na malori, wengine wakiwa na majeraha, wengine wakiwa wamebeba watoto wa ndugu zao waliouawa. Tiger alikuwa Mwigbo, na miji iliyopokea wakimbizi hao ilikuwa miji yake. Kuanzia hapo mapambano yake hayawezi kutenganishwa na mambo ya nchi yake.

Desemba 16, 1966, akiwa hana mkanda na akionekana amekwisha, alipanda hadi uzito ulio chini kidogo ya ule wa juu, wenye kikomo cha kilo 79, kutoka uzito wa kati wenye kikomo cha kilo 72 na ushei. Bingwa alikuwa José Torres, Mpuerto Rico aliyepata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya 1956, kijana na mkubwa wa mwili kumzidi. Tiger alimshinda kwa pointi. Kuwa bingwa wa uzito wa kati na kisha wa kilo 79 ni jambo ambalo Bob Fitzsimmons alilikamilisha mwaka 1903, na katika miaka zaidi ya sitini iliyofuata walioliota hawakulifikia. Walirudiana tarehe 16 Mei 1967. Majaji waligawanyika, Tiger akatangazwa mshindi, na mashabiki wa Torres wakageuza Madison Square Garden kuwa uwanja wa vita kwa kurusha chupa na viti.

Wiki mbili baadaye, tarehe 30 Mei 1967, Luteni Kanali Odumegwu Ojukwu alitangaza kwamba eneo la mashariki limejitenga na kuwa Jamhuri ya Biafra. Vita vilianza Julai 6. Bingwa wa dunia aliyetambulishwa miaka yote kuwa Mnigeria sasa alijiita raia wa Biafra, na majumba yake yaliyokuwa Lagos yakabaki upande wa adui. Jeshi la Biafra lilimpa cheo cha luteni na kazi ya kuwafundisha askari mazoezi ya mwili na kuwatia moyo. Aliingia na kutoka katika nchi iliyozungukwa, akienda Marekani kupigana na kurudi. Tarehe 17 Novemba 1967, Las Vegas, alitetea ubingwa wake kwa kumshinda Roger Rouse katika raundi ya 12. Pesa za ulingoni zilikuwa za familia yake, na pia za vita.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki sehemu hii ina uhusiano wa moja kwa moja. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ya Mwalimu Julius Nyerere ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Mwezi uliofuata zikafuata Gabon, Ivory Coast na Zambia. Zambia ilitangaza msimamo wake Mei 20. Siku nne baadaye Dick Tiger alipanda ulingoni Madison Square Garden kutetea mkanda wake dhidi ya Bob Foster. Kwa hiyo jioni ile nchi aliyodai kuwa ni yake ilikuwa na marafiki wanne rasmi, wote Waafrika. Mataifa makubwa yalikuwa upande wa Lagos au yamekaa kimya, na Uingereza ilikuwa ikiiuzia serikali ya Nigeria silaha.

Foster alikuwa na kimo cha sentimita 191, mikono mirefu na ngumi ya kushoto iliyoogopwa hata na mabondia wa uzito wa juu. Tiger alikuwa anakaribia miaka 39 na alikuwa mfupi kwake kwa kichwa kizima. Raundi tatu alijaribu kuingia ndani ya ile mikono. Katika raundi ya nne ngumi ya pembeni ya kushoto ilimpata taya, akaanguka chali na kuhesabiwa hadi kumi. Ndiyo mara pekee katika maisha yake ya ngumi alipohesabiwa mpaka mwisho.

Hakustaafu, kwa sababu vita viliendelea na njaa ilikuwa inaua watoto wa Biafra kwa maelfu. Oktoba 1968 alipigana na Frankie DePaula, kijana wa New Jersey mwenye ngumi nzito. Wote wawili waliangushwa mara mbili, Tiger akashinda kwa pointi, na jarida la The Ring likalichagua kuwa pambano bora la mwaka. Mei 26, 1969 alimshinda Nino Benvenuti wa Italia, ambaye wakati ule alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa kati. Mkanda haukuwa mezani, na Benvenuti aliumia mkono mapema. Hata hivyo mtu wa miaka 39 alikuwa amempiga bingwa aliye kazini.

Desemba 1969 alifungasha nishani yake ya MBE na kuituma kwa posta kwa balozi wa Uingereza mjini Washington, akieleza kwamba anaikataa kwa sababu ya mchango wa Uingereza katika vita dhidi ya watu wake. Wiki chache kabla yake, mwanamuziki John Lennon naye alirudisha nishani kama hiyo na kuitaja Biafra miongoni mwa sababu zake. Kitendo cha Lennon kiliandikwa na magazeti ya dunia nzima. Cha Tiger kilipita na habari kidogo, ingawa kati ya wawili hao ni yeye aliyekuwa na ndugu chini ya mabomu.

Biafra ilisalimu amri tarehe 15 Januari 1970. Tiger alikuwa New York, na hakuwa na uhakika kama serikali iliyoshinda ingemruhusu kurudi. Julai 15 mwaka huo alipigana kwa mara ya mwisho, dhidi ya Emile Griffith, akashindwa kwa pointi. Akiba yake nyingi ilikuwa imekwenda na vita. Bingwa wa dunia wa madaraja mawili ya uzito akapata kazi ya ulinzi katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York, akisimama siku nzima kulinda picha na sanamu. Watazamaji waliopita mbele yake kwa kawaida hawakumjua. Mtu anaweza kuiona kazi hiyo kuwa aibu kwa bingwa, lakini Tiger alikuwa mtu wa kazi tangu enzi za chupa, na hakuna ushahidi kwamba aliiona hivyo.

Mwaka 1971 maumivu ya mgongo yalimpeleka hospitali, na huko aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Serikali ya Nigeria ilimruhusu kurudi nyumbani. Alifariki Aba tarehe 14 Desemba 1971, akiwa na miaka 42, mwaka mmoja na miezi mitano tu tangu pambano lake la mwisho, na akazikwa Amaigbo. Mwaka 1991 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Kimataifa la Ngumi huko Canastota, New York. Katika orodha za mabingwa wa dunia, mbele ya jina lake, nchi iliyoandikwa ni Nigeria.